Mkopo Unaojikata Wenyewe



Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa tumekaa barazani hapa Mombasa, kahawa tungu na kashata, mazungumzo yakawa ya pesa kama kawaida ya mwisho wa mwezi. Rafiki yangu mmoja, muuguzi wa hospitali ya kaunti, akatoa simu akatuonyesha akiba yake. Shilingi 110,000. Alikuwa na furaha, na haki yake. Amezikusanya kidogo kidogo mwaka mzima, zamu za usiku, marupurupu, hata pesa za chakula cha mchana. Akauliza mmoja wetu, "Na ule mkopo wa sacco je, yakhe?" Akajibu bila wasiwasi, "Ah, ule unajikata wenyewe kwenye mshahara. Hata siuoni."

Hata siuoni. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka, manake najua si yeye peke yake. Wengi wetu tulioajiriwa, walimu, askari, watu wa bandarini, watu wa kaunti, tuliingia sacco ya kazini wiki ile ile tuliyoandikwa kazi. Fomu ililetwa pamoja na fomu za kodi na bima, tukatia sahihi. Baadaye ikaja shida au ikaja tamaa, tukachukua mkopo mara tatu ya akiba, na riba ikawa inakatwa kabla hatujauona mshahara wenyewe. Kitu usichokiona hakikuumi. Ndiyo maana kijana anayekataa kula kuku asiyejua kachinjwa vipi analipa riba kila tarehe 28 na analala usingizi mzuri.

Rai yangu ni hii, na najua itawakera baadhi yenu: ukiwa na akiba na una mkopo wa riba, akiba hiyo kwanza ilipe mkopo. Kiwanja kitangoja, na gari pia. Ukumbi wa harusi ndio kabisa.

Tuchukue hesabu ya rafiki yangu, tena ametukubalia tuitumie. Alikopa 300,000 kumalizia nyumba ya mamake, miezi 36, asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, kiwango ambacho sacco nyingi hutoza. Kila mwezi anarudisha 8,333 ya mkopo wenyewe, na juu yake riba ya salio lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni 3,000, kisha inashuka kidogo kidogo. Akienda mpaka mwisho, riba yote inafika 55,500. Mwaka mmoja umepita, ameshalipa riba ya 30,500 na anadaiwa 200,000. Riba iliyobaki mbele yake ni 25,000.

Sasa atoe 80,000 katika ile 110,000 apunguze mkopo, aendelee kukatwa ile ile 8,333 na riba yake. Salio linakuwa 120,000. Riba ya kuanzia hapo mpaka mwisho inakuwa 9,250 badala ya 25,000, na mkopo unakwisha kwa miezi 15 badala ya 24. Hebu niambie ni biashara gani, ya halali, itakayompa muuguzi faida ya uhakika ya 15,750 kwa 80,000 bila kufungua duka, bila kukimbizana na askari wa kaunti. Tulipomfanyia hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya kashata alinyamaza muda mrefu. Alikuwa akidhani ukilipa mapema unalipa ile ile.

Ile 30,000 iliyobaki nilimwambia asiiguse. Hapa natofautiana na baadhi ya ndugu zangu wenye hamasa, wanaokwambia toa yote leo, Mwenyezi Mungu ataleta. Ataleta, ndiyo, lakini mama akiugua Jumanne na mfukoni huna kitu, utaangukia mkopo wa simu, na ada ya mwezi mmoja ya mikopo ile inaizidi riba ya sacco ya miezi kadhaa. Utakuwa umetoka kwenye moto mdogo umeingia kwenye mkubwa. Weka kodi ya nyumba ya mwezi au miwili na pesa ya dawa. Kinachozidi hapo, kilipe deni.

Kuna hoja tatu ninazozisikia kila nikilizungumza jambo hili. Ya kwanza, "dhambi ilishaandikwa siku niliyotia sahihi, kulipa mapema kunabadilisha nini?" Ndugu yangu, sahihi ilikuwa mara moja, lakini riba unailipa kila mwezi. Twajua hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kwamba mlaji riba, mwenye kuilipa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili wote wametajwa pamoja. Kila mwezi unaoufuta ni mwezi ambao hukushiriki. Toba ya jambo linaloendelea ni kulikomesha unapoweza. Na wewe unaweza, pesa iko kwenye simu yako.

Ya pili, "naweka akiba ya Hajj." Mashaallah. Lakini Hajj ni kwa mwenye uwezo, na masheikh wengi ukiwauliza watakwambia deni hutangulia. Muulize wako. Ya tatu ndiyo ngumu kidogo, na sitaki kuipuuza: "pesa mkononi ni usalama, nikiitia sacco hairudi." Ni kweli hairudi. Lakini jiulize unaogopa nini hasa. Kama ni shida ya ghafla, tumeshaizungumza. Kama ni raha tu ya kuona tarakimu sita kwenye skrini, basi raha hiyo inakugharimu riba kila mwezi.

Nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi, na ambalo linatuhusu sisi kama watu wa kutetea haki.

Rafiki yangu alipoanza kukopa alikuwa na akiba ya 100,000 ndani ya sacco yenyewe. Kila mwezi wanamkata 2,000 zaidi, kwa hivyo sasa ana 124,000. Akishalipa ile 80,000, deni lake ni 120,000. Yaani sacco imeshika pesa zake nyingi kuliko anazodaiwa, na bado anatozwa riba kana kwamba anatumia pesa ya mtu mwengine. Mwisho wa mwaka wanamlipa riba kidogo juu ya akiba zake, ambayo yeye huitoa asiile, huku wakimtoza kubwa zaidi juu ya mkopo. Analipa riba na analipwa riba, pesa ni zake.

Mbona asiseme tu, chukueni akiba yangu mmalize deni? Kwa sababu sacco nyingi haziruhusu hivyo. Akiba ile ndiyo dhamana ya mkopo, na kwa kanuni zao hutoki nayo mpaka ujiondoe kabisa kwenye uanachama. Unaandika barua, unangoja, mara nyingi siku 60, wanakata deni lao kwenye akiba, wanakurudishia kilichobaki. Hisa zako hazirudishwi, unamuuzia mwanachama mwengine. Na kama umemdhamini mtu, hutoki mpaka apatikane wa kuchukua nafasi yako. Ukitaka kurudi baadaye waanza upya kama mgeni.

Siitukani sacco kama chombo. Bila sacco wazee wetu wangapi wangejenga? Ni pesa ya wanachama, inawakopesha wanachama, na faida inabaki kwao. Katika vyombo vyote vya fedha nchini ndicho kilicho karibu zaidi na ule ushirikiano tunaoujua wa mtaani. Ndiyo maana inauma zaidi kwamba Muislamu akiingia humo hana mlango wake.

Katiba yetu ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini. Kifungu cha 32, sehemu ya 3, kinasema mtu asinyimwe kuingia katika taasisi, kazi au huduma, wala kufaidi haki yoyote, kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi huduma anayoinunua. Na mifano ipo ya kwamba inawezekana: tangu 2008 tuna benki zinazofanya kazi kwa misingi ya sharia hapa Kenya, na sacco za namna hiyo pia zimesajiliwa. Kwa hivyo mtu asitwambie haiwezekani. Ni kwamba hatujaomba, au tumeomba mmoja mmoja pale dirishani, karani akatwambia "kanuni ndizo hizo," tukashukuru tukatoka.

Sacco ina kitu ambacho benki haina. Mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye akiba ya milioni mbili na mwenye 40,000 wana sauti sawa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na kanuni za ndani hubadilishwa na wanachama wenyewe mkutanoni. Tuulizane kwa ukweli, mara ya mwisho ulihudhuria mkutano huo lini? Wengi wetu tunaenda kuchukua nauli na soda, tunaondoka kabla ajenda ya tano. Vijana kumi wa Kiislamu wakiingia na pendekezo moja lililoandikwa vizuri, kwamba mwanachama aruhusiwe kulipa mkopo kwa akiba yake bila kufukuzwa uanachama, na wakazungumza na wenzao Wakristo kabla ya siku yenyewe, watashangaa nani atawaunga mkono. Hakuna mtu wa dini yoyote anayependa kutozwa riba kwa pesa yake mwenyewe.

Kuna na wadhamini. Mkopo wa sacco mara nyingi una watu watatu, wanne nyuma yake. Ukishindwa, akiba zao ndizo zinazokatwa. Ukifa kesho, kama bima ya mkopo haikulimaliza deni, watageukiwa wao. Sote tunaijua habari ya Mtume swallallahu alayhi wasallam kuuliza kama maiti ana deni kabla ya kumswalia, mpaka Abu Qatada radhiyallahu anhu akalibeba deni la maiti yule. Abu Qatada alijitolea akijua. Wadhamini wetu wengi walitia sahihi ukumbini wakikimbilia chai, na hawajui kwamba wewe una 110,000 kwenye simu huku jina lao liko kwenye mkopo wako. Rafiki yangu alidhaminiwa na mwanamama wa maabara anayetaka kustaafu mwaka ujao. Mama huyo hawezi kuondoa akiba zake mpaka huyu amalize au apate mdhamini mwengine. Hilo ndilo lililomgusa kuliko riba, na nadhani ndilo lililomtoa barazani.

Basi ukiamua kulipa, kuna mambo madogo ya kuangalia. Usitume pesa kimya kimya kwenye namba ya malipo ukadhani imekwisha. Kwanza omba taarifa ya salio la mkopo kwa maandishi, ya siku hiyo. Uliza kama kuna ada ya kulipa mapema. Kisha andika barua useme waziwazi kwamba pesa hii ipunguze mkopo wenyewe, manake wengine huihesabu kama makato ya miezi ijayo, riba ikabaki vile vile nawe ukajipongeza bure. Baada ya wiki mbili omba taarifa nyengine ulinganishe. Ukimaliza kabisa, dai barua ya kuonyesha hudaiwi, na hakikisha makato yamesimamishwa kwenye mshahara, kwa sababu kompyuta ya idara ya mishahara haina habari na toba yako. Na uwaambie wadhamini wako kwamba wako huru. Ukizungushwa, iko SASRA inayosimamia sacco, na liko jopo la kusikiliza kesi za vyama vya ushirika. Weka nakala ya kila karatasi.

Jumatatu ile rafiki yangu alikwenda na 80,000 zake. Karani alimuuliza mara mbili kama hataki badala yake kuongezewa mkopo, kwa sababu sasa anastahili mkubwa zaidi. Akakataa. Salio lake sasa ni 120,000, ameiona kwa maandishi. Siku hiyo hiyo aliacha barua mbili. Ya kwanza inaomba yule mama wa maabara aachiliwe, kwa kuwa akiba ya mkopaji sasa inalizidi deni. Ya pili inaomba akiba hizo zitumike kulimaliza deni bila yeye kupoteza uanachama. Mama ameshaachiliwa. Barua ya pili haijajibiwa, na mkutano mkuu uko mbele. Wenzake saba wa hospitalini wametia sahihi kuiunga mkono, wawili wao si Waislamu.