Wengi wape, lakini tuhesabu vema



Wazee walisema: «Wengi wape.» Neno hilo twalisikia katika kila mkutano, tangu baraza la jamaa mpaka bunge la nchi. Watu wakishindwa kupatana, mmoja husimama na kusema: «Tupige kura, shauri liishe.» Mikono huinuliwa, huhesabiwa, na watu hurudi nyumbani. Je, shauri limekwisha kweli? Juma hili twapenda kuwaonyesha kwamba jibu la kura hutegemea pia namna ya kuzihesabu.

Tuchukue mfano. Akina mama 15 wameweka akiba mwaka mzima. Sasa wakutana ili waamue: wanunue mashine ya kusaga mahindi, au vyerehani, au shamba? Mama 6 wataka mashine ya kusaga; wakiikosa, afadhali shamba kuliko vyerehani. Mama 5 wataka vyerehani. Wakivikosa, afadhali shamba. Mama 4 wataka shamba. Wakilikosa, afadhali vyerehani. Hao 9 wa mwisho wote wanaiweka mashine ya kusaga nyuma ya yote.

Wakiinua mikono mara moja tu, mashine ya kusaga inashinda kwa kura 6, ingawa mama 9 hawaitaki hata kidogo. Wakipatana kwamba mshindi lazima apite nusu, shamba laondolewa kwa sababu lina kura chache, na wale 4 wanahamia upande wa vyerehani: vyerehani vyashinda kwa 9 dhidi ya 6. Tena, wakilinganisha vitu viwili viwili, shamba laishinda mashine kwa 9 dhidi ya 6, lavishinda na vyerehani kwa 10 dhidi ya 5. Tazameni basi: hakuna mama aliyegeuza moyo wake, hakuna aliyeiba kura, na kila njia imetoa mshindi wake!

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1770, Mfaransa Jean-Charles de Borda alilieleza mbele ya wataalamu wa Paris, akashauri kila mtu apange wateule wote kwa daraja, na kila daraja lipewe alama zake. Mwenziwe Condorcet, katika kitabu cha mwaka 1785, alitaka wateule walinganishwe wawili wawili. Lakini yeye mwenyewe aliona kwamba pengine wa kwanza humshinda wa pili, wa pili humshinda wa tatu, na wa tatu naye humshinda wa kwanza. Basi hakuna njia isiyo na kasoro.

Sisi wa Kongo tumeyaona haya kwa macho yetu. Katiba ya mwaka 2006 ilidai rais apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopatikana, wawili wa mbele warudi mbele ya watu. Mwezi wa Julai 2006 walisimama wateule 33. Joseph Kabila alipata kura kama 45 katika 100, Jean-Pierre Bemba 20. Watu wakapiga kura mara ya pili mwezi wa Oktoba, na Kabila akapata 58 katika 100. Mwezi wa Januari 2011 katiba ikageuzwa: kura ya mara moja yatosha, na mwenye nyingi kuliko wenziwe ameshinda. Waliotaka hivyo walisema kwamba kura ya pili ni gharama kubwa. Neno hilo lina uzito katika nchi kubwa isiyo na barabara za kutosha. Lakini badiliko lilifanywa chini ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Baada ya uchaguzi wa Novemba wa mwaka ule ule, Kabila alitangazwa mshindi kwa kura kama 49 katika 100. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Félix Tshisekedi alitangazwa kwa 38 na nusu hivi. Hesabu za mara zote mbili zilibishaniwa sana. Lakini hata tukizichukua kama zilivyotangazwa, mara ya pili watu kama 61 katika 100 walikuwa wamemtaka mwingine.

Kanisa nalo lilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1159 makardinali waligawanyika, wakachaguliwa wawili, na kila mmoja akajiita Papa. Ugomvi ule ulidumu karibu miaka 18. Ndiyo sababu Papa Alexander III, katika mtaguso wa Laterano wa mwaka 1179, aliagiza theluthi mbili za kura. Mwezi wa Mei 2025, makardinali 133 walipomchagua Papa Leo XIV, zilihitajika kura 89. Njia hiyo huwalazimisha wengi kuwatafuta wachache na kusikilizana nao. Lakini ina hatari yake pia: wachache wakaidi waweza kuzuia shauri jema.

Basi, baba na mama wapenzi, mkikutana katika chama chenu au katika jamaa, patanani kwanza juu ya namna ya kuhesabu, kabla hamjajua nani atafaidika nayo. Mkiwa na mambo matatu au zaidi mbele yenu, msiishie kuuliza: «Wapenda lipi?» Ulizeni vilevile: «Ukilikosa hilo, waweza kukubali lipi?» Na mambo yasiyo ya wengi kuyaamua, kama fungu la mjane au haki ya yatima, msiyapigie kura hata siku moja.

Kisha mwenye kushinda asicheke, na mwenye kushindwa asitoke kwa hasira. Kesho watalima shamba moja, nao watahitajiana.