Jifya Moja Haliinjiki Chungu

Watu wengi wanapoutaja utamaduni wa taifa, huufikiria kuwa ni ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi ya sikukuu. Hayo ni sehemu yake, nasi hatuyabezi. Lakini ngoma huchezwa kwa msimu, na kinyago huchongwa mara moja kikawekwa. Liko jambo ambalo kila nyumba nchini hulifanya kila siku, liwe jua iwe mvua, nalo halipewi heshima hiyo: kupika chakula na kukila pamoja. Ndani ya chungu cha jioni mna kilimo chetu na malezi ya watoto wetu. Kwa hiyo mtu atuulizaye hali ya utamaduni wetu tungemjibu kwa kumwuliza: leo jioni nyumbani kwako mtakula nini, mtakula na nani, na nani atakipika?

Swali hilo la tatu ndilo tutakalo kulijadili hapa, kwa sababu ndilo likwepwalo.

Siku hizi pana malalamiko kwamba chakula cha nyumbani kinapotea. Watoto wa mijini hula chipsi mayai njiani, baba hula mkahawani, na kila mtu hufika nyumbani kwa saa yake na kujipakulia kilichopoa. Malalamiko haya yana ukweli. Lakini walalamikaji hutoa hukumu upesi mno. Husema kosa ni la mama wa siku hizi, ambaye ameliacha jiko akaifuata ofisi, kiwanda na soko. Sisi twasema kwamba hukumu hiyo ni ya uonevu, tena si ya kweli. Na tukiifuata, chakula cha nyumbani hakitapona bali kitakufa upesi zaidi.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana wasemao kuwa kupika ni jambo dogo hawajapata kupika. Maharage makavu yasiyolowekwa huweza kukaa juu ya jiko la mkaa saa mbili na zaidi. Kisamvu hakichumwi kikatiwa chunguni hivi hivi. Majani ya muhogo yana sumu, na ni lazima yatwangwe na kuchemshwa barabara ndipo yaungwe. Nazi huvunjwa, ikakunwa kwa mbuzi, ikachujwa kwa kifumbu. Tui jepesi hutangulia chunguni, na tui zito hungoja mwisho, kwani likichemka mno hukatika. Mchele hupetwa na kuchaguliwa mawe, dagaa huondolewa vichwa na mchanga. Hii ni elimu iliyokusanywa na vizazi, na yule asiyeipata aweza kuwadhuru walaji wake. Kabla ya elimu hiyo kutumika, lazima maji yawe yametekwa, moto uwe umewaka, na masizi ya jana yawe yamesuguliwa.

Sasa tumfikirie mama mfanyakazi wa Dar es Salaam, awe mwalimu, muuguzi au muuza samaki wa Feri. Huamka saa kumi na moja alfajiri, akakoroga uji, akawaogesha watoto, akagombania basi. Jioni hushuka kituoni giza likiingia, amebeba fungu la mchicha na nyanya mkononi. Mumewe naye ametoka kazini, naye amechoka, hilo hatulikatai. Lakini uchovu wa mmoja hupokewa kwa kiti na maji ya kuoga, na uchovu wa mwingine hupokewa kwa jiko la mkaa lisilowaka. Ikiwa siku hiyo mama huyo atawapa watoto wake chipsi za kununua, je, ni haki kusema kwamba ameusaliti utamaduni? Au utamaduni umemsaliti yeye?

Jambo hili si geni katika fikra za taifa letu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, na kwamba wanaume wa vijijini wamo likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yalisomwa na kushangiliwa katika mikutano isiyo na idadi. Lakini wengi waliporudi nyumbani kutoka mkutanoni waliketi wakangoja wapakuliwe. Tulikuwa hodari wa kuuona unyonyaji uliotoka ng'ambo, na wazito wa kuuona ule uliokuwa ukitupulizia moto uani.

Wako watakaotujibu kwamba mila zetu haziruhusu mwanamume kuingia jikoni. Jibu hili ndilo tulipingalo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa linatumia jina la mila kuficha uvivu. Tuulize: ni nani aliyewapikia maofisa wa Kijerumani na wa Kiingereza katika nchi hii? Wapishi na maboi wa nyumba za Wazungu walikuwa karibu wote wanaume. Walijifunza kuoka mikate na kupima chumvi katika mchuzi wa bwana, na hapakutokea mzee aliyesema kwamba uanaume wao umeanguka. Na leo hii, ni nani asimamaye juu ya masufuria makubwa ya pilau na biriani katika harusi za pwani? Mara nyingi ni wanaume, nao husifiwa kwa majina yao. Nani achomaye mishikaki barabarani na nyama mnadani? Ni mwanamume vilevile. Hata vijana wa kiume waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, huijua zamu ya jikoni.

Basi si kweli kwamba mwanamume wetu hajui mwiko. Huujua pale apatapo mshahara, sifa au amri. Asichokijua ni kupika Jumanne jioni, bila malipo wala shangwe, kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe mwenye njaa. Hiyo si mila. Mila gani imruhusuyo mtu kumpikia mkoloni na imkatazayo kumpikia mwanawe?

Lugha yetu nayo imeingizwa katika uonevu huu. Mwanamume akioa, watu husema amepata jiko. Twalisema neno hilo kwa mzaha, na vijana hulirithi bila kulipima. Lakini jiko ni chombo. Huwashwa likihitajiwa, hujazwa moshi, na likitoboka hutupwa likanunuliwa jingine. Mtu aitwaye jiko hatashangaza mtu akichakaa. Waandishi na walimu wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kuitunza lugha, wana wajibu wa kulitazama neno hili upya.

Wengine watasema kwamba tunachotaka kukibadili ni urithi wa mababu, nao haubadiliki. Hawa hawajaitazama sahani yao. Ugali wa mahindi tunaouita chakula chetu cha asili umetokana na mbegu ya bara la Amerika, na muhogo pia asili yake ni huko; mazao hayo yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari katika karne ya 15 na ya 16. Kabla ya hapo wahenga wa bara walisonga ugali wa mtama, ulezi na uwele. Waliyapokea mahindi, wakayajaribu, wakayafanya yao. Ikiwa wao waliweza kuubadili unga wenyewe, sisi twashindwaje kuubadili mkono unaoushika mwiko?

Tena tuwe wakweli kuhusu zamani. Katika makabila mengi wanaume walikula peke yao, na wanawake na watoto wadogo walikula kando, mara nyingi baada yao na kwa kilichosalia. Mlo wa familia nzima kwenye mkeka mmoja au meza moja, ambao leo twaulilia, kwa nyumba nyingi si urithi wa kale bali ni mila mpya tuliyoichagua kwa kuwa ni njema. Tumeichagua kwa sababu hapo mtoto hujifunza kunawa, kungoja mkubwa aanze, kumega tonge la kiasi, kumwachia mwenzake kipande. Hapo ndipo husikia Kiswahili kinavyosemwa na watu wazima, na mzazi hujua nani amekosana na nani shuleni. Mila tuliyoichagua wenyewe yatupasa tuigharamie wenyewe, wala tusimtume mmoja wetu alipe deni la wote.

Wako pia wenye uwezo ambao hudhani wamekwisha kulimaliza tatizo hili, kwani wamemwajiri msichana wa kazi. Hatusemi kwamba kazi ya nyumbani ni aibu. Ni kazi kama nyingine, na mfanyaji wake anastahili mkataba, mshahara wa haki na mapumziko. Lakini tutazame ni nani huyo aliyeletwa. Mara nyingi ni binti mdogo kutoka kijijini, ambaye hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na hula akiwa amesimama jikoni wakati familia imeketi mezani. Huko si kuupunguza mzigo, bali ni kuutoa juu ya bega la mtu mzima na kuuweka juu ya bega la mtoto. Nyumba inayojisifu kwa mlo wa pamoja huku mpishi wake yuko nyuma ya mlango bado haijajua maana ya pamoja.

Wala tusiwatukane mama lishe, kama wafanyavyo baadhi ya watetezi wa chakula cha nyumbani. Hao wamewalisha wajenzi, makuli na makarani wa miji yetu wali, maharage na mboga za majani kwa bei ya mnyonge, na bila wao wengi wangeshinda na njaa. Jioni, baada ya kuwapikia watu wa mtaa mzima, mama lishe hurudi kwake akawasha jiko la pili. Yeye hahitaji kukemewa, ila kukuta nyumbani kwake mtu amekwisha kuinjika chungu.

Mtu atauliza kama haya yawezekana katika maisha ya haraka ya mijini. Twajibu kwamba yawezekana, na ushahidi tunao kila mwaka. Mwezi wa Ramadhani ukifika, watu wale wale wasemao hawana nafasi hujipanga. Baba hupitia sokoni akarudi na tende, mihogo na magimbi; watoto hutandika mkeka; na jua linapotua kila mmoja yuko mahali pake akingoja futari. Saa za siku hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni heshima kwa mlo. Ni kweli kwamba hata katika mwezi huo mzigo wa jikoni huwaelemea wanawake, nalo ni jambo la kurekebishwa. Lakini imethibitika kwamba tukiuheshimu mlo, tunaupatia nafasi.

Serikali nayo imekwisha kutambua kwamba jiko ni jambo la taifa. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa miaka 2024 hadi 2034, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Twaupongeza mkakati huo, kwa kuwa moshi wa kuni na mkaa umeharibu macho na vifua vya mama zetu na kufyeka misitu yetu. Lakini mtungi wa gesi haujisongei ugali. Ikiwa saa moja iliyookolewa na gesi itajazwa mara moja kwa kazi nyingine ya mama yule yule, tutakuwa tumebadili moto tu, uonevu tumeuacha palepale.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yaliyo katika uwezo wa kila nyumba. Maharage yalowekwe tangu usiku, na mtu wa kuyaloweka awe na zamu yake. Siku ya mapumziko ichemshwe sufuria kubwa ya maharage au kunde, wenye jokofu waigawe kwa siku za mbele, na jioni ya kazi ibaki kuunga tu. Siku za haraka zipewe vyakula vya haraka ambavyo ni vyetu: mchicha huiva kwa dakika chache, na dagaa wa Mwanza au wa Kigoma hawangoji. Mtoto wa miaka saba aweza kuchambua mboga na mchele. Wa miaka kumi na miwili, wa kike na wa kiume sawasawa, aweza kusonga ugali wa watu wanne. Na baba asiseme kwamba anamsaidia mkewe, maana husaidiwa mwenye kazi, na hali kazi hii ni ya wote wanaokula. Ashike siku zake katika juma, ajue chumvi ilipo bila kuuliza.

Wazee wetu walipoweka mafya matatu uani hawakuwa wakipamba ua. Walijua kwamba chungu kikiegemea jiwe moja kitapinduka, na chakula kitamwagika motoni, na wote watalala njaa, wakiwamo wale waliokuwa wameketi wakingoja. Nyumba nyingi za leo zimeegemeza chungu chao juu ya jifya moja, kisha hulilaumu jifya hilo kwa kutetereka. Tunaotaka chakula cha nyumbani kiishi tuache kumlaumu mama, tuinuke, tukaweke mawe mengine mawili.