Usinionyeshe Nodi Yako

Kila wiki lazima nimwone msee mmoja kwenye X amepiga picha ya kisanduku chake kinachomeremeta taa kando ya TV, akaandika kwamba sasa anaendesha nodi yake ya Bitcoin nyumbani na hakuna anayeweza kumchungulia. Nyuma ya kisanduku kuna dirisha. Nje ya dirisha kuna ghorofa la jirani na tangi la maji. Mtu anayeujua mtaa huo atakwambia ni ploti gani kabla chai yake haijapoa. Na huyu ndiye anayetufundisha faragha.

Nina haki ya kumsema, kwa sababu nilikuwa yeye. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, nikaanza kuandikia wateja wa nje, wawili kati yao wakinilipa kwa Bitcoin. Nikanunua laptopu ya mitumba na diski ya terabaiti moja, nikapakua historia yote ya Bitcoin, zaidi ya gigabaiti 600. Ilichukua karibu wiki mbili, stima ikipotea kila ilipojisikia. Siku ilipomaliza nilipiga picha, nikaiweka WhatsApp. Jumamosi iliyofuata keateka akaja kusoma mita ya maji, akasimama mlangoni akitabasamu: "Kumbe ni wewe? Wanasema uko na mashine ya kutengeneza pesa."

Wanasema. Akina nani? Sijajua hadi leo. Siku hiyo mali yangu yote ilikuwa shilingi 11,000, na kodi ya nyumba ilikuwa 9,500. Lakini jambazi haji na stakabadhi za benki yako mkononi. Anakuja na alichosikia.

Hebu tuseme ukweli kuhusu hicho kisanduku. Nodi haikuletei hata senti. Wanaolipwa ni wachimbaji, na mashine zao ni nyingine kabisa. Kazi ya nodi ni kukagua kila muamala na kila bloku yenyewe, bila kumwamini mtu. Kwa upande wa faragha, faida yake ni moja, ila ni kubwa. Pochi ya kawaida ya simu, isiyo na nodi, huuliza seva ya mtu usiyemjua: anwani zangu hizi zina ngapi? Kila ukiifungua unamwonyesha huyo mtu kwamba anwani zote hizo ni za mmoja, na kwamba huyo mmoja yuko kwenye IP fulani. Ni kama kumpa mwenye duka simu yako kila asubuhi akuangalizie salio la M-Pesa. Ukiwa na nodi yako, unaangalia mwenyewe.

Faida inaishia hapo. Kinachobaki ni chumvi. Nodi haifuti selfie na kitambulisho ulichowapa waliokuuzia sarafu. Daftari la Bitcoin lenyewe liko wazi kwa dunia nzima. Ukifungua mlango 8333 kwenye rauta yako ili wengine wakufikie, IP yako inaweza kuishia kwenye orodha za hadharani za nodi, mji na kampuni yako ya intaneti vikiandikwa kando. Na wapo wanaounganisha mashine zao na nodi nyingi makusudi, wakisikiliza ni nani aliyetangaza muamala kwanza. Dawa ipo: ipitishe nodi kwenye Tor peke yake, usifungue mlango wowote, uvumilie mwendo wa kobe. Na manze, funguo zako zinafanya nini kwenye mashine inayowaka usiku na mchana, kwenye waifai mnayogawana vyumba sita, nenosiri limeandikwa kwa chaki pale ngazini? Nodi haizihitaji.

Lakini Tor haizibi mdomo. Mwaka 2020 kampuni ya Ledger, inayouza vifaa vya kuhifadhia funguo, iliibiwa data za wateja. Desemba hiyo majina, simu na anwani za nyumbani za watu takriban 272,000 zilimwagwa mtandaoni, na wengine wakaanza kutumiwa vitisho. Hawa ni watu walionunua usalama! Januari 2025, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, David Balland, alitekwa nyumbani kwake Ufaransa, akakatwa kidole, watekaji wakidai fidia ya sarafu za kidijitali. Hisabati ya Bitcoin haikuguswa.

Wengine wenu mtaniambia hiyo ni shida ya matajiri, mtu wa elfu kumi na moja anaficha nini? Mnaipindua. Tajiri ana ukuta, mbwa na askari getini. Sisi tuna kufuli la mia tatu na jirani anayesikia tukikohoa. Akiibiwa, anapiga simu kwa wakili. Nikiibiwa mimi, mwenye nyumba anafunga mlango tarehe tano.

Nodi yangu bado inafanya kazi, na ukiweza, endesha yako. Usinionyeshe tu. (Ndio, naandika haya hadharani; nimeshahama, na mtaa wa sasa sitautaja.) Keateka nilimwambia ile laptopu ni ya kupakua sinema. Mpaka siku nahama, kila Ijumaa alikuwa akibisha na flashi yake mkononi, akitaka za DJ Afro.