Ukipanda ndege, panda na laini yako

Siku ya kusafiri kwa mtu wa Kisii au Nyamira huanza mapema kuliko ya mtu wa Nairobi. Ndege inaweza kuwa ya saa sita usiku, lakini yeye yuko barabarani tangu asubuhi: shuttle ya kutoka Kisii mjini au Keroka, Sotik, Bomet, chai ya Narok, kupanda mlima wa Mai Mahiu, foleni ya kuingia Nairobi, kisha Mombasa Road mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta. Mgongoni ana begi, na ndani ya begi kuna unga wa wimbi, majani chai ya kiwanda cha kwao na chinsaga iliyokaushwa (ambayo tunatumaini ataitangaza kwa watu wa forodha akifika, maana huko wanapekua kweli kweli).

Njia nzima simu inalia. Paspoti iko? Iko. Tiketi? Iko. Kadi ya homa ya manjano? Iko. Hakuna anayeuliza: laini je?

Tunaandika makala hii kwa sababu tunaona swali hilo linastahili kuulizwa kabla ya yale mengine. Paspoti ikipotea, kuna ubalozi. Laini yako ikiingia mikononi mwa mtu mwingine ukiwa juu ya mawingu, unaweza kukaa siku nzima bila kujua, na siku nzima inatosha kumaliza akiba, kukopa kwa jina lako, na kuwaomba pesa ndugu zako wote mmoja mmoja.

Tuchukulie msafiri wetu anakwenda Minneapolis kupitia Amsterdam. Hatukuchagua Minneapolis kwa bahati. Jimbo la Minnesota lina jamii kubwa ya Abagusii, hasa vitongoji kama Brooklyn Park, na ni vigumu kupata kijiji cha Nyamira ambacho hakina mtu huko. Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni zaidi ya saa nane angani. Hapo atasubiri, kisha apande ndege nyingine ya saa kama tisa. Ukijumlisha yote, kuanzia mlango wa ndege unapofungwa hadi atakapowasha simu Marekani ni karibu siku nzima, na katikati kuna kipindi kifupi tu cha Wi-Fi ya uwanjani.

Sasa fikiria nyumbani. Jana yake kulikuwa na sherehe ya kumuaga. Watu walichanga. Picha ziko Facebook na TikTok: yeye na begi lake, yeye na mama, yeye ameshika paspoti na kadi ya kuingilia ndegeni, jina likionekana vizuri. Kila mkora anayetafuta kazi siku hiyo ameshaambiwa mambo matatu: nani anasafiri, simu yake itazimwa lini, na familia ipi ina pesa za mchango zilizobaki.

Kisha saa kumi na moja alfajiri meseji inaingia kwa mama. "Mum, natumia simu ya rafiki, yangu imezima. Nimeshikwa na immigration, wanasema tiketi ina shida. Wanataka 18,500 sasa hivi au ndege iniache. Tuma kwa hii namba, usipige, siwezi kushika."

Meseji ya "tuma kwa hii namba" tumeicheka Wakenya kwa miaka mingi, na siku ya kawaida hata mtoto wa darasa la nne anaijua. Siku ya ndege haichekeshi. Namba ngeni ina maelezo, maana kweli simu yake imezimwa. Haraka ina maelezo, maana kweli kuna ndege. Ukipiga namba yake ya kawaida, haipatikani, na hilo ndilo linalomvunja mzazi. Ng'ombe ameuzwa, shamba la chai limewekwa rehani, na sasa kila kitu kinaning'inia kwa 18,500. Nani hatatuma?

Ndiyo maana tunasema familia isiachiwe uamuzi huo saa kumi na moja alfajiri. Uamuliwe mapema, mkiwa mmeketi mezani. Msafiri aandike kwenye karatasi saa atakazokuwa kimya, na ibandikwe ukutani karibu na kalenda: kuanzia saa sita usiku Jumanne mpaka nipige mwenyewe, hakuna pesa inayotumwa kwa sababu yangu, hata nikiombewa na nani. Hata shilingi mia. Na mkubaliane swali moja ambalo jibu lake haliko mtandaoni, kwa mfano jina la yule ng'ombe aliyeuzwa. Siku hizi hata sauti ya mtu inaweza kuigwa, kwa hivyo kusikia sauti yake peke yake si ushahidi.

Kumbukeni pia: ada rasmi za serikali ya Kenya hulipwa kupitia eCitizen. Hakuna afisa wa uhamiaji, wa hapa wala wa Amsterdam, anayelipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha malipo, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini. Lisome. Mtu anayejiita rafiki wa mwanao aliyekwama uwanjani, na namba yake imesajiliwa kwa jina tofauti na lile alilokutajia, amekujibu tayari.

Kampuni kama yetu hupata ada pesa zinapotumwa. Kumwambia mteja "usitume" si maneno yanayotoka kwetu kila siku. Lakini ada ya muamala wa wizi ni pesa tusiyoitaka.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya zaidi. Mtu akibadilishiwa laini bila ruhusa yake, yaani mkora akienda kujifanya yeye na kupewa kadi mpya yenye namba ile ile, dalili ya kwanza ni simu ya mwenyewe kupoteza mtandao ghafla. Ukiwa Kisii mjini, ukiona hivyo unashtuka na kukimbia dukani. Ukiwa Amsterdam unaona "hakuna mtandao" na unajiambia, si niko ng'ambo, ni kawaida. Ile kengele ambayo ingekuamsha, safari yenyewe imeizima. Hapo mkora ana siku, pengine wiki.

Kwa hivyo, kabla ya kupanda shuttle, funga mlango huo. Wateja wa Safaricom wanaweza kupiga *100*100# ili laini yao isibadilishwe ila kwenye duka la kampuni lenyewe. Kama uko mtandao mwingine, uliza dukani wana kinga gani. Washa roaming ukiwa bado Kenya, kwa sababu ukishatoka inakuwa shida kuifuata. Jaribu namba yako ya siri. Na hifadhi namba ndefu ya huduma kwa wateja, ile inayoanza na +254. Namba fupi kama 333 ya kuripoti matapeli au 456 ya kurudisha pesa zilizokosea njia usizitegemee ukiwa nje.

Tumefika kwenye jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, na tunalisema hata hivyo. Katika familia nyingi za huku kwetu, msafiri haondoki na laini yake. Anaitoa kwenye simu, anampa mama au mdogo wake, anamnong'oneza namba ya siri, na kusema, "Pesa za chama zikiingia, utoe." Inaonekana ni heshima na mapenzi. Laini inabaki nyumbani kama jembe linavyobaki.

Hatukubaliani na desturi hiyo. Laini ile haibebi pesa tu. Imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kupitia hiyo mtu anaweza kuchukua Fuliza, kukopa mikopo ya simu, kukufanya uonekane mdaiwa sugu kwenye kumbukumbu za mikopo. Anaweza kupokea ujumbe wa siri wa benki yako. Anaweza kuongea na chama kana kwamba ni wewe. Na hapa hatuzungumzi juu ya wezi. Tunazungumza juu ya mdogo wako mpendwa ambaye karo imemkaba mwezi wa pili, akakopa elfu tano akijua atalipa, hakulipa. Wewe unakuja kujua miaka mitatu baadaye ukirudi kuomba mkopo wa kujenga. Nani utamshtaki? Namba ya siri ulimpa mwenyewe. Undugu ulioanza na laini moja unaishia kwenye kikao cha wazee.

Mwingine hufanya kinyume, anaitupa laini kwenye droo. Nayo haifai. Laini isiyotumika kwa miezi mingi inaweza kufungwa, na namba ile hatimaye ikapewa mtu mwingine. Namba uliyoiandika benki, kwenye sacco, eCitizen na kwenye fomu za shule inaamkia mfukoni mwa mtu usiyemjua.

Tunachopendekeza ni rahisi kusema: laini yako isafiri nawe, na anayebaki awe na laini yake, kwa jina lake, na namba ya siri yake. Pesa utakazotuma kutoka Minneapolis zije moja kwa moja kwake. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, Marekani ikiongoza, na sehemu kubwa ya pesa za namna hiyo leo hushukia kwenye simu. Hakuna sababu ya pesa za mama kupitia kwenye jina lako ndipo zimfikie.

Hapo tunajibiwa jibu moja, kila mara, iwe Nyansiongo au Daraja Mbili: "Mama hajui kusoma, atatapeliwa." Ni hoja nzito na hatuipuuzi. Lakini angalia linalotokea badala yake. Mama huyo huyo anatuma mjukuu kwa wakala na laini yako na namba ya siri imeandikwa kwenye kipande cha karatasi. Mjukuu anaijua, wakala ameiona, na aliyesimama nyuma kwenye foleni ameisikia. Huyo mama analindwa na nini?

Mama aliyehesabu pesa za mboga sokoni miaka thelathini anajua tarakimu. Asichokijua ni menyu, na menyu hufundishika. Iwekeni kwa Kiswahili. Anzeni wiki mbili kabla ya safari, wala si usiku wa kuamkia safari wakati nyumba imejaa wageni. Mtumie shilingi mia mbili leo, aende mwenyewe kwa wakala, atoe mia, arudi na baki kwenye simu. Rudieni kesho kutwa. Achague namba yake ya siri bila wewe kuangalia, na isiwe mwaka wa kuzaliwa kwako, maana wazazi wengi huchagua huo na mkora anaujua. Mfundishe jambo moja zaidi: pesa zikiingia, asikilize salio, asiamini meseji. Meseji ya uongo inaandikwa na mtu yeyote. Salio hubadilika kwa pesa tu.

Kuhusu pesa taslimu hatuna mengi. Shilingi hazikusaidii Minneapolis, badilisha unachohitaji kabla ya kuingia ndani. Ukibeba sarafu ya thamani ya dola 10,000 au zaidi, sheria inataka uitangaze. Zilizobaki za mchango zisilale kwenye simu. Akaunti ya simu si ghala, na siku kama hii ndiyo inayovutia macho mengi zaidi. Zipeleke benki au sacco. Lipa Fuliza kabla ya kuondoka, la sivyo kila shilingi utakayotumiwa itamezwa kwanza.

Kwa anayekwenda karibu, kijana na begi lake anayetaka tu kuiona Kigali au Entebbe kwa wiki moja, hakuna haja ya karatasi ukutani. Huko Mkenya anaingia hata kwa kitambulisho, na ndege ni ya saa moja na kitu. Lakini *100*100# apige, na picha ya kadi ya kuingilia ndegeni aiweke mtandaoni akisharudi.

Na anayekwenda mbali, akifika, asipige simu mara moja bila kuangalia saa. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa nane majira ya joto na tisa majira ya baridi. Akitua saa saba mchana, Keroka ni usiku, na mama yuko macho bado, simu iko mtoni pa kitanda, karatasi iko ukutani. Apige kwa namba yake ile ile. Kisha aulizwe jina la ng'ombe.