Mfuko wa Kesi Uwekwe

Ndugu wafanya kazi, mwenzetu mmoja wa kikosi cha njia ya reli aliachishwa kazi bila kupewa haki zake. Alikwenda kwa wakili akaambiwa alete pesa kwanza. Akarudi nyumbani, na ile miaka 3 ya kushtaki iliyowekwa na sheria ya kazi ya 2007 ikampita.

Wako wanaosema wakili angoje malipo mpaka kesi ishinde. Hapa Kenya sheria ya mawakili haikubali mapatano ya namna hiyo.

Tuwatazame wazee wa Mau Mau. Mwaka 2009 walioanza kushtaki kule London walikuwa 5 tu. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228, jumla pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. (Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, tusifichane.)

Sisi twataka mfuko wa kesi, mbali na ada, wenye daftari lake, usiguswe kwa chai ya mikutano. Watu 200 wakitoa shilingi 50 kila mwezi ni shilingi 10,000. Tunaomba halmashauri ilete jambo hili katika mkutano ujao wa tawi.