Mwalimu wa darasa la kwanza naye aitwe mbele

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) liliacha kutangaza shule 10 bora na watahiniwa bora kitaifa, nami niliunga mkono, maana shule ya kijijini isiyo na madawati haishindani kwa haki na shule ya bweni ya mjini. Lakini pongezi za ndani ya shule zisife. Kwenye mahafali ya darasa la saba, zawadi nyingi huwaendea wenye alama za juu na walimu wa masomo ya mtihani. Yule aliyewafundisha watoto hao kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), aliyemshika mtoto mkono mpaka akaandika jina lake katika darasa lililofurika, hukaa nyuma akipiga makofi. Na mpishi wa uji je? Na mlinzi? Mtoto aliyekuwa mtoro, ambaye sasa hakosi shule, naye anastahili kupokea daftari na kalamu mbele ya wazazi wake. Wajumbe wa kamati za shule, na sisi wazazi tunaochangia zawadi hizo, tulipange jambo hili mapema, kabla ya mahafali ya mwaka huu.