Kakonko: Paa kwanza, televisheni baadaye

UMEME wa Gridi ya Taifa, uliofika mkoani Kigoma mwaka 2022, umebadili hesabu za mfanyabiashara wa Kakonko. Mtu aliyekuwa akionyesha video kwa jenereta, huku mapato yakiishia kwenye mafuta, sasa anaweza kugeuza chumba kimoja cha nyumba yake kuwa sinema. Siku za kawaida familia ikaangalia, siku za mechi wateja wakalipa kiingilio. Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba mtaji wote huishia kwenye televisheni, na chumba kikaachwa kama kilivyo.

Chukua mfano wa chumba cha watu 30 kwa kiingilio cha shilingi 500. Mechi moja ni shilingi 15,000. Sasa msomaji afungue kalenda. Ligi ya Uingereza na Ligi Kuu Tanzania Bara huanza karibu na Agosti na kumalizika mnamo Mei. Mvua za nyanda za juu za Kigoma nazo huanza mnamo Oktoba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa maneno mengine, msimu wa mapato ndio msimu wa kelele za bati.

Mvua kubwa ikipiga bati lisilo na silingi, mtangazaji hasikiki. Mwenye chumba huongeza sauti, spika zinakwaruza, na kuta za tofali la kuchoma zinarudisha mwangwi. Spika kubwa zaidi haiponyi ugonjwa huo. Dawa yake ni silingi nzito, ya jipsamu kwa mfano, yenye nafasi kati yake na bati, kisha mapazia mazito ukutani na kapeti au mkeka sakafuni. Wateja wa filamu zilizotafsiriwa, mtindo uliovuma kwa sauti ya Lufufu, hulipia sauti kuliko picha. Wasiposikia hawarudi.

Picha nayo ina hesabu zake. Televisheni ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Kwa familia iliyokaa mita mbili na nusu au tatu kutoka ukutani inatosha kabisa. Kwa aliyekaa benchi la nyuma, mita sita, hata matokeo hayasomeki vizuri. Projekta ya picha ya inchi 100 inafikia upana wa mita 2.2, lakini inadai giza. Hapo ndipo wengi hujisahau: Kakonko iko magharibi, na jua lake huchelewa kutua kwa takriban nusu saa kuliko Dar es Salaam. Mechi ya Jumamosi ya saa 11 au saa 12 jioni huanza bado kweupe. Bila madirisha yenye vifuniko vya mbao, projekta ni fedha iliyotupwa.

Aidha, ukanda huu una radi nyingi. Nondo ya ethi iliyofungwa na fundi wa kweli, pamoja na kifaa cha kukinga umeme unaopanda ghafla, ni gharama ndogo mbele ya bei ya projekta. Mabenchi ya nyuma yainuliwe, na milango iwe miwili, yote ikifungukia nje.

Idadi ya wateja nayo ihesabiwe upya. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakimbizi wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo. Anayepanga viti 80 kwa kumbukumbu za soko la wakati ule anajidanganya.

Limebaki suala ambalo mafundi hawaligusi. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kampuni iliyotoa fedha kiasi hicho haiwezi kufumbia macho kifurushi cha nyumbani kinachotozwa kiingilio mlangoni. Filamu nazo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Leseni ya biashara na malipo ya kuonyesha hadharani viandikwe kwenye bajeti pamoja na saruji na mabati, kabla ya kununua hata waya mmoja.